Kumfikia Mshauri Nasaha Chuoni na Kurudi Mara ya Pili: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi wa Unguja na Pemba

Wanafunzi wengi wa vyuo vyetu wanaosema kwamba ushauri nasaha haukuwasaidia, ukiwadodosa kwa utulivu utagundua kwamba hawakuwahi kuupata. Mmoja alikwenda zahanati, akasema kichwa kinamuuma, akapewa panadol na kuambiwa anywe maji. Mwengine alikwenda wiki ya mitihani, akakuta foleni ya wenye matatizo ya namba za mitihani, akageuka. Wa tatu alimweleza ofisa wa nidhamu mambo yake yote akidhani ndiye mshauri. Wa nne aliingia chumba sahihi, akalia, akatoka mwepesi, na hakurudi tena.

Ujasiri walikuwa nao wote wanne; utaratibu ndio uliowaangusha. Mwongozo huu unapita hatua moja baada ya moja, kwa mwanafunzi anayesoma Tunguu, Chukwani, Vuga, Mbweni, Chwaka au Mchanga Mdogo, na unaeleza kwa kila hatua kwa nini inafanywa, wapi watu hukwama, na dalili gani zitakuonesha kwamba umevuka.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Karatasi moja na kalamu. Simu inafaa pia, lakini karatasi haioneshi ujumbe mpya katikati ya mazungumzo, na haisomwi na mwenzako wa chumbani anayeijua namba yako ya siri.
- Kitambulisho cha chuo, na kadi ya bima kama unayo, iwe ya NHIF au ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar (ZHSF).
- Ratiba ya vipindi na majaribio ya semista nzima.
- Orodha ya kila kinachoingia mwilini mwako: dawa za hospitali, mitishamba, makombe, vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi, bangi. Andika kweli, kwa sababu baadhi ya vitu hivi huondoa usingizi na kuzidisha wasiwasi, na vyengine hugombana na dawa.
- Nauli ya safari mbili, kila moja ya kwenda na kurudi. Nauli ya safari ya pili itenge leo, kwa sababu itakayoelezwa katika hatua ya 7.
- Mtu mmoja unayemwamini, ambaye atajua siku na saa unayokwenda. Si lazima ajue unakwenda kusema nini.

## Hatua ya 1: Pima kama jambo lako linaweza kungoja

Kabla ya kufikiria miadi, jiulize maswali matatu. Je, nina mawazo ya kujiua au ya kujidhuru? Je, nasikia sauti au kuona vitu ambavyo wenzangu hawavisikii wala hawavioni? Je, nimepitisha siku kadhaa bila ya kulala kabisa, au bila ya kula na kunywa?

Ukijibu ndiyo kwa swali lolote kati ya haya, usingoje miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi kwa maneno ya wazi, "Nina mawazo ya kujiua, usiniache peke yangu," kisha nendeni pamoja kitengo cha dharura cha hospitali. Kwa Unguja, Mnazi Mmoja inapokea dharura usiku na mchana. Kwa Pemba, nendeni iliyo karibu kati ya hospitali za Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee iliyoko Mkoani. Hali ikiwa mbaya na usafiri haupo, namba ya dharura ni 112. Kitu chochote unachohofia kukitumia kujidhuru kiondolewe chumbani, akae nacho mwengine, kwa kuwa mawazo haya huja kwa mawimbi na mara nyingi saa chache za kusimamiwa zinatosha kulipitisha wimbi kali.

Anayeambiwa maneno hayo naye asikimbilie kutoa mawaidha. Akae, asikilize, na asiogope kuuliza waziwazi, kwani kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumwingizii wazo hilo kichwani.

Ukijibu hapana kwa yote matatu, endelea na hatua ya 2. Kipimo kinachotumika hospitalini kwa sonona ni wiki mbili: huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, karibu kila siku kwa siku 14 mfululizo. Lakini huhitaji kufikisha wiki mbili wala kuwa na jina la ugonjwa ili kumwona mshauri nasaha. Msiba, mchumba aliyeondoka, ada isiyolipwa, mitihani miwili ya marudio (sapu) kwa mpigo: yoyote kati ya haya yanatosha.

## Hatua ya 2: Andika ukurasa mmoja

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na ndiyo hatua ninayoiona nzito kuliko zote, ingawa inafanyika ukiwa umekaa kitandani. Mtu aliyelelewa kwa stara hujikuta mbele ya mgeni akisema "Sijisikii vizuri tu," na akiulizwa zaidi hukimbilia mwilini: kichwa, tumbo, mgongo. Maumivu hayo ni ya kweli. Ila ukiyasema peke yake utatibiwa hayo peke yake.

Andika mambo yanayoonekana badala ya kujitafutia ugonjwa. Sentensi "Nina sonona" inamwambia mshauri ulichosoma mtandaoni. Mambo uliyoyafanya na usiyoyafanya yanamwambia hali yako. Mfano wa ukurasa unaofaa ni huu:

> Tangu wiki ya tatu ya semista silali kabla ya saa tisa za usiku. Nimekosa vipindi vinne vya asubuhi. Chakula cha dakhalia nakirudisha nusu. Simu ya mama siipokei, halafu namwandikia kwamba chaji ilikwisha. Baba amestaafu na ada haijamalizwa. Nikitaka kulia naingia chooni na kufungua bomba, wenzangu wasisikie. Mwaka jana sikuwa hivi.

Mistari saba, na ndani yake mna usingizi, masomo, chakula, familia, fedha, tarehe ya kuanza na mabadiliko. Mshauri mwenye ujuzi akiupata ukurasa kama huu ameokoa nusu ya kikao.

Usiache kuandika mambo ambayo kwetu huhesabiwa kuwa ni ya upande mwengine. Kama unakabwa na jinamizi alfajiri, ukiwa macho na mwili haunyanyuki, andika. Hali hiyo hutokea zaidi kwa mtu ambaye usingizi wake umevurugika, na mshauri atataka kuijua hata kama nyumbani imepewa maelezo mengine. Kama ulishapelekwa kusomewa au kwa mganga, andika pia.

Mwishoni mwa ukurasa andika sentensi moja ya unachokitaka: "Nataka nilale," au "Nataka nijue kama niahirishe mwaka." Ukurasa umekamilika pale ambapo ungeweza kumkabidhi mtu bila ya kuongeza neno, naye akakuelewa. Siku ambayo sauti itakataa kutoka, utafanya hivyo hasa: utamkabidhi.

## Hatua ya 3: Chagua mlango

Milango iko mitatu, na kila mmoja una kazi yake.

Ofisi ya huduma za wanafunzi. Hii ndiyo ofisi ya mlezi wa wanafunzi, na katika vyuo vingi mshauri nasaha hukaa chini yake. Inafaa kwa msongo wa mawazo, migogoro ya dakhalia, mahusiano, ada, bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) lililochelewa, na masomo yaliyolegea. Tahadhari yake ni kwamba ofisi hiyohiyo mara nyingi hushughulikia nidhamu. Kwa hivyo unapofika, swali lako la kwanza liwe: "Samahani, namtafuta mshauri nasaha. Je, wewe ndiye?" Usianze kueleza kabla ya jibu.

Zahanati ya chuo au kituo cha afya kilicho karibu. Pita hapa ikiwa kuna dalili za mwili pamoja na za moyo. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo yanaweza kuleta uchovu na huzuni inayofanana sana na sonona, na kipimo cha damu ndicho kinachotenganisha. Ukipimwa damu usidhani kwamba hujaaminiwa. Toa ule ukurasa wako mwanzoni. Ukiutoa wakati daktari ameshaanza kuandika dawa umechelewa.

Hospitali. Huduma ya kitaalamu ya maradhi ya akili kwa Unguja ina kitovu chake katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Kwa Pemba anzia hospitali ya wilaya yako, uulize nani anahusika na afya ya akili na siku zake za kliniki. Huu ni mlango wa mtu ambaye dalili zake ni nzito, au zimedumu, au ambaye mshauri wa chuo ameona anahitaji daktari.

Kuhusu Kidongo Chekundu lazima isemwe wazi. Jina hilo limekuwa tusi la mitaani tangu tukiwa skuli, na wapo wanafunzi wanaoteseka mwaka mzima kwa kuogopa kuonekana getini pake. Hospitali hiyo inahudumia wagonjwa wa nje, wanaofika, wakaonana na mtaalamu, wakachukua dawa, wakarudi zao darasani siku ileile. Kwenda kliniki si kulazwa. Kama geti ndilo linalokuzuia, muulize mshauri wa chuo kama unaweza kuonwa kwanza katika hospitali ya kawaida. Hilo ni ombi halali.

Hofu ya kuonekana ina sababu, kwa kuwa kisiwa ni kidogo, na mshauri anaweza kuwa jirani wa mama mdogo wako au aliyesoma na kaka yako. Ukigundua hivyo, omba mtu mwengine. Sema tu, "Tunajuana kifamilia, naomba mwengine." Wataalamu wanalijua jambo hili na hawalichukulii kwa ubaya.

Mwanafunzi wa kike ana haki ya kuomba mshauri wa kike, na wa kiume vivyo hivyo. Akikosekana, na hupendi kukaa faragha na asiye maharimu wako, upo utaratibu wa kati: mlango unaachwa wazi kidogo, sauti zinateremshwa, na mwenzako anakaa kwenye benchi la nje, mbali kiasi cha kuona bila ya kusikia. Omba utaratibu huo siku unayoweka miadi, usisubiri mpaka uwe mlangoni.

## Hatua ya 4: Omba miadi kwa maneno machache

Usiende bila ya taarifa kama unaweza kuepuka. Ujumbe mfupi unatosha, na usiwe na maelezo ya tatizo, kwa sababu hujui simu ya ofisi inashikwa na nani:

> Assalaamu alaykum, mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Naomba miadi ya ushauri nasaha wiki hii. Nina nafasi Jumanne baada ya adhuhuri na Alkhamisi asubuhi. Ahsante.

Taja nyakati mbili. Anayesema "wakati wowote" hupangiwa wakati wowote, na wakati wowote hugongana na kipindi. Epuka Ijumaa mchana, ambapo ofisi huwahi kufungwa kwa ajili ya sala, na epuka wiki mbili za kabla ya mitihani kama jambo linaruhusu. Wiki nzuri ni za mwanzo wa semista, kabla ya majaribio ya kwanza, ingawa najua kwamba hakuna anayeumwa kwa kufuata ratiba.

Zikipita siku mbili za kazi bila ya jibu, nenda mwenyewe, asubuhi, ukiwa na kitambulisho. Ukimya wa ofisi una sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo hazina uhusiano wowote na wewe. Umevuka hatua hii pale unapokuwa na siku, saa, chumba na jina la utakayemwona.

## Hatua ya 5: Uliza kuhusu siri kabla ya kufungua moyo

Kaa, salimia, kisha uliza: "Nitakayoyasema hapa yanabaki wapi? Nani mwengine atayajua?" Swali hili si utovu wa adabu. Mshauri anayeijua kazi yake hulitarajia, na mara nyingi hulijibu kabla hujauliza.

Jibu sahihi lina sehemu mbili. Kwanza, mazungumzo ni siri, na hayapelekwi kwa wahadhiri, wazazi wala bodi ya mikopo bila ya ridhaa yako. Pili, siri ina mipaka: kama maisha yako au ya mwengine yamo hatarini, mshauri atalazimika kumhusisha mtu wa kusaidia, na atakwambia kabla ya kufanya hivyo kadiri inavyowezekana.

Ukiambiwa "hakuna shida, sema tu," uliza tena. Uliza pia kumbukumbu zinaandikwa wapi na kama zinaingia katika faili lako la masomo. Kama aliye mbele yako ndiye anayekusahihishia mitihani au anayekaa kwenye kamati ya nidhamu, eleza kwa heshima kwamba ungependa kuonana na asiyekuwa na dhamana juu yako.

## Hatua ya 6: Kaa katika kikao cha kwanza

Kikao cha kawaida huchukua dakika 45 hadi 60. Cha kwanza huwa na maswali mengi na majibu machache, na hili ndilo linalowakera watu. Utaulizwa kuhusu usingizi, chakula, familia, dini yako unavyoishika, marafiki, fedha, maradhi ya nyuma, na kama umewahi kufikiria kufa. Swali la mwisho huulizwa kila mtu.

Huenda ukapewa karatasi ya maswali tisa inayoitwa PHQ-9. Kila swali linahusu wiki mbili zilizopita na hujibiwa kwa namba 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu kabisa ni 27. Alama 10 na kuendelea humfanya mtaalamu achunguze zaidi. Alama hiyo peke yake haikutangazi kuwa mgonjwa. Wanafunzi wanaipenda mno karatasi hii na huijibu kama mtihani, wakitafuta jibu linalopendeza. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Lijibu kama lilivyo moyoni, kwani ukiweka sifuri ya uongo pale, umejinyima mlango ule uliokuja kuufungua.

Usitarajie kuambiwa la kufanya. Mjomba atakwambia la kufanya, shekhe atakupa nasaha, rafiki atakwambia umsahau. Mshauri nasaha atakusaidia uone namna mambo yako yanavyofungamana, kisha mtachagua pamoja jambo moja dogo la kujaribu wiki hiyo: labda saa ya kuamka isiyobadilika, labda kuipokea simu ya mama mara moja. Linaonekana dogo kiasi cha kuudhi, na linafanywa dogo kwa makusudi, kwa kuwa mtu aliyechoka akipewa jukumu kubwa hushindwa, na kushindwa kunaongeza uzito aliokuja nao.

Ukilia, lia. Ukikwama, toa ukurasa. Kikao kimekwenda vizuri ikiwa umesema angalau jambo moja ambalo hukuwahi kulisema kwa mtu, na ikiwa unatoka ukijua cha kujaribu. Kujisikia vizuri si kipimo.

## Hatua ya 7: Rudi

Kuna aina mbili za mtu asiyerudi. Wa kwanza ametoka mwepesi, akahisi amepona. Wa pili ametoka mzito kuliko alivyoingia, kwa sababu ameyagusa yaliyokuwa yamefunikwa, akahisi ushauri umemharibu. Wote wawili wanatafsiri vibaya jambo la kawaida. Wepesi wa siku ya kwanza mara nyingi hupungua baada ya siku chache, na uzito wa siku ya kwanza nao hupungua vilevile.

Kwa hivyo usitoke chumbani bila ya tarehe ya pili. Iandike kwenye ratiba yako mbele ya mshauri. Chagua siku na saa ileile kila mara, isiyogongana na jaribio, na ile nauli uliyoitenga usiiguse hata kama bumu limekwisha. Safari ya pili mara nyingi huangushwa na pesa ya daladala, na mtu anayeona haya kusema hana nauli atasema amepona. Mwambie mtu wako mmoja tarehe hiyo. Akuulize jioni yake, "Ulikwenda?", na asiulize zaidi.

Siku ya kikao cha pili asubuhi utapata sababu nzuri sana ya kutokwenda. Nenda nayo, umweleze mshauri sababu hiyo. Inakuwa mwanzo mzuri wa mazungumzo.

Baada ya vikao vitatu, pima. Je, unalala angalau kidogo zaidi? Je, unahudhuria zaidi? Je, unasikilizwa, au unahubiriwa? Kama hakuna kilichosogea, mwambie hivyo ana kwa ana, na uulize kama kuna njia nyengine au mtu mwengine. Kubadilisha mshauri ni jambo la kawaida. Kuacha kimya kimya ndiko kunakokurudisha mwanzo.

## Nyumbani na kisomo

Hili halina namba kwa sababu linaweza kuja wakati wowote. Huna wajibu wa kuwaambia wazazi kwanza. Ukiamua kuwaambia, anza na mmoja, tena yule asiyepaza sauti, na tumia maneno ya ukurasa wako: "Mama, silali tangu mwezi uliopita, na nimeanza kumwona mtaalamu chuoni." Maneno "afya ya akili" yanaweza kumshtua mzazi asikie wazimu, lakini usingizi na chakula anavielewa mara moja.

Familia ikitaka usomewe, hakuna mgongano wowote kati ya Qur-ani na kliniki, na wengi hupata utulivu kwa kisomo. Mpaka ni huu: ondoka kwa yeyote anayekwambia uache dawa, anayekupiga au kukufunga, anayekulazimisha kunywa usichokijua, au anayedai fedha zinazozidi kila unaporudi. Mwambie mshauri kuhusu kisomo, na mwambie shekhe kuhusu mshauri. Shekhe mwenye elimu atakuhimiza uendelee.

## Hatua ya 8: Ukipelekwa kwa daktari

Mshauri nasaha haandiki dawa. Akiona haja atakupa barua ya rufaa. Isome, uliza usichokielewa, na ipige picha kabla ya kuikabidhi. Si kila anayepelekwa hupewa dawa.

Ukipewa, fahamu mambo manne. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne, na pengine zaidi, kabla ya nafuu kuonekana, ilhali usumbufu kama kichefuchefu au ukavu wa mdomo huweza kuja siku za mwanzo. Ndiyo maana wengi huziacha wakati usio sahihi kabisa. Usiziache ghafla hata ukijisikia umepona. Usimpe mwenzako wa dakhalia, hata kama dalili zenu zinafanana. Na ikiwa mawazo ya kujidhuru yataongezeka wiki za mwanzo, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Ramadhani inahitaji mazungumzo yake, tena kabla ya mwezi kuandama. Dawa nyingi za sonona hunywewa mara moja kwa siku, hivyo daktari anaweza kuipanga dozi wakati wa futari au daku. Dawa nyengine za maradhi ya akili, khasa lithiamu, zinakuwa hatari mwili unapopungukiwa maji, na daktari anaweza kukushauri usifunge. Usijipangie mwenyewe, wala usipangiwe na wenzako.

## Hatua ya 9: Linda masomo kwa maandishi

Kuahirisha mtihani, semista au mwaka kunawezekana katika vyuo vyetu kwa sababu za kiafya, lakini ombi hupelekwa kabla ya mtihani, likiwa na cheti cha daktari. Anayeingia mtihani akafeli kisha akaleta cheti huambiwa kwamba kwa kuingia alikiri kuwa mzima. Soma kanuni za mitihani za chuo chako. Huwa zinaeleza siku za mwisho na nani anapelekewa.

Cheti hakilazimiki kutaja ugonjwa. Mwombe daktari aandike kwamba uko chini ya matibabu na kwamba huwezi kufanya mtihani kwa kipindi fulani. Peleka nakala, baki na nakala, na upate mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kama unasoma kwa mkopo, uliza kwa maandishi bodi yako itaichukuliaje semista uliyoiahirisha kabla hujatia saini, kwani mwanafunzi anayegundua baadaye kwamba bumu limesimama hupata msongo mwengine juu ya ule wa kwanza.

## Hatua ya 10: Panga likizo kabla ya boti

Mwanafunzi wa Pemba anayesoma Unguja, na wa Unguja anayesoma Pemba, hukatika huduma kila semista inapokwisha. Wiki mbili kabla ya kufunga chuo, mwombe mshauri au daktari barua fupi ya kuelekeza unakokwenda: Chake Chake, Wete, Mkoani au Mnazi Mmoja. Barua itaje tatizo, dawa na dozi, na tarehe ya kuonwa tena. Aliyetoka Bara afanye vivyo hivyo kwa hospitali ya mkoa wake.

Chukua dawa za kutosha kipindi chote na wiki moja ya ziada, kwa kuwa bahari ikichafuka boti huahirishwa. Zibebe kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa katika pakiti yake yenye jina lako. Begi kubwa huwekwa na mizigo na huenda ukalipata jioni. Uliza kama mshauri anakubali mazungumzo ya simu wakati wa likizo, na kwa saa zipi. Nyumbani kukiwa na watu wengi, amua mapema utaongea ukiwa wapi: barazani baada ya alasiri hapafai, ila njia ya kwenda dukani, ukiwa peke yako, inatosha.

Kisha weka tarehe ya kikao cha kwanza cha semista inayofuata, na uiandike kwenye ratiba kabla ya kukata tiketi.